4294967297: ina sifa za kweli au tunaipamba tu?

Ukiichukua namba 4294967297 ukaichambua utajaza ukurasa, ni witiri, ina vigawo vinne tu, tarakimu zake ukijumlisha unapata 59 na hiyo 59 nayo ni namba tasa, basi hapo kuna watu wanashangilia kama wameokota dhahabu. Mi kwenye 59 ndo nagoma. Andika namba hiyohiyo kwa mfumo wa kompyuta wa 0 na 1, inakuwa 1, sifuri 31, halafu 1 tena, jumla 2. Namba haijabadilika hata kidogo ila "sifa" yake imeyeyuka. Wanaoitetea watakwambia 59 ina kazi maana haigawanyiki kwa 3 kwahiyo na namba nzima haigawanyiki, sawa, nawapa hiyo, ni njia ya mkato nzuri, lakini kwamba 59 ni tasa haikusaidii kitu.

Uzito uko hapa: hii ni 2^32 + 1. Karne ya 17 mwanahisabati Fermat aliziona 3, 5, 17, 257 na 65537, zote za ukoo huo (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, ukiongeza 1) na zote tasa, akaamini zinazofuata ni hivyohivyo. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akamuumbua: namba yetu ni 641 × 6700417. Na huhitaji hata kufanya huo mgawanyo. 641 ni 5 × 128 + 1, kwahiyo ukigawa kwa 641, ile 5 × 128 ni kama -1 (yaani imepungua 1 tu kufika 641, na "ni kama" hapa maana yake zinabakisha sawa ukigawa kwa 641), ipandishe kipeo cha 4 unapata 625 × 2^28 ni kama 1. Ila 641 pia ni 625 + 16, maana yake 625 ni kama -16, badilisha hapo, 16 × 2^28 ndo 2^32, inatoka -2^32 ni kama 1, yaani 2^32 + 1 haibakishi kitu. Kwisha.

Kuna wanaosema namba moja haistahili kelele zote hizi, kinachohesabika ni kanuni. Wana hoja, tena nzito, kwasababu Euler huyohuyo alionyesha kigawo chochote cha namba hii lazima kiwe kizidisho cha 64 ukiongeza 1, na 641 ni ya kumi tu kwenye foleni hiyo: 65, 129, 193... Bila kanuni ungepapasa kila tasa kuanzia 3. Lakini kanuni nzuri kiasi gani ingekwambia Fermat kakosea bila mtu kuikalia namba yenyewe?

Mi inayonikosha zaidi ni hii: 65536² + 1² inatoa namba yetu, na 62264² + 20449² inatoa ileile. Namba tasa haiwezi kuandikwa hivyo kwa jozi mbili tofauti, kwahiyo hata ungekuwa hujawahi kusikia 641, hizo jozi mbili tu zimeshaiumbua, na hata ukiiandika kwa sifuri na moja bado zipo palepale.