Pakiti ya ORS au maji ya chumvi na sukari ya nyumbani?

Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, mtoto akianza kuharisha bibi anakimbilia kopo la sukari na chumvi. Mhudumu wa zahanati anamkataza: bibi, chukua pakiti ya ORS, unga wa chumvi na sukari uliopimwa tayari wa kuchanganya na maji, acha kukisia. Wote wawili wana hoja, ila kuipima lazima tuingie utumboni.

Kwenye seli za utumbo mwembamba kuna protini iitwayo SGLT1, imeuvuka utando wa seli upande hadi upande. Si tundu la kupitia tu. Inaanza ikiwa imefunguka kwa nje, kwenye chakula. Chembe mbili za sodiamu, iliyomo kwenye chumvi, zinajishikiza, na hapo ndipo mahali pa glukosi, aina ya sukari, panakaa sawa. Glukosi ikishika, protini inajikunja: nje panafunga, ndani panafunguka, mzigo unashuka, kisha inarudi ilivyokuwa. Haiachi pande zote mbili wazi kwa pamoja. Maji nayo yanafuata. Mwanabiokemia Robert Crane alieleza ushirika huu wa sodiamu na glukosi mwaka 1960, huko Prague. Na hili ndilo linalonigusa zaidi: sumu ya kipindupindu huifanya seli imwage chumvi na maji, lakini SGLT1 inabaki inafanya kazi. Mgonjwa anaokolewa kwa kunywa huku bado anaharisha.

Kwa hiyo bibi hajapotea. Sukari ya dukani hukatwa utumboni ikatoa glukosi na fruktosi. Vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, kwa lita 1 ya maji safi, vinatosha kuiendesha protini ile. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kijiji cha kando ya ziwa hilo karibu na mpaka, na kipindupindu kikazuka, njia kubwa ya kuwatoa ilikuwa ziwani. Kijiji cha namna hiyo hakiwezi kukaa mikono mitupu kikisubiri pakiti.

Tatizo ni kijiko chenye kichuguu. Sukari ikizidi inayavuta maji kuyarudisha utumboni na kuharisha kunaongezeka, ndiyo maana soda haifai. Chumvi ikizidi, mtoto mdogo anaweza kupata degedege. Pakiti ina vipimo: milimoli (kipimo cha wingi wa chembe) 75 za sodiamu na 75 za glukosi kwa lita, pamoja na potasiamu ambayo kopo la bibi halina.

Pakiti ikiwepo, mimi niko na mhudumu. Lakini kumkataza bibi ni kosa. Amfundishe kusawazisha kijiko kwa mgongo wa kisu. Na pakiti yenyewe inakosewa: ni ya lita 1, mtu anaimimina yote kwenye chupa ya lita moja na nusu, au kwenye kikombe kimoja. Hilo nalo lionyeshwe kwa mikono, chupa ikiwa mezani. Mtoto akilegea na macho yakizama, apelekwe zahanati upesi, akinyweshwa kidogo kidogo njia nzima.