Utafiti kwa lugha usiyoisoma

Juzi nilikaa kwenye jopo la pendekezo la utafiti wa uzamili. Mwanafunzi anataka kuchambua barua za Kifaransa za karne ya 19. Wakambana saa nzima: nadharia ipi? Sampuli umeipataje? Pengo la utafiti liko wapi? Kama Kifaransa anakijua, hakuna aliyeuliza. Nikauliza mimi. Akajibu bila wasiwasi kwamba kompyuta itamtafsiria, na wakubwa wakanitazama kama niliyeuliza saizi ya kiatu chake.

Simlaumu. Vitivo vya insia (historia, fasihi, falsafa na mengineyo) vimeigeuza lugha kuwa somo la hiari, unalichukua ratiba ikiruhusu.

Jamani, mmemsahau Lorenzo Valla, yule mwanazuoni wa Italia? Kwa karne kadhaa ilikuwepo hati iliyodaiwa kuwa ya Kaisari Konstantino, eti alimkabidhi Papa mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi. Mwaka 1440 Valla hakuja na nadharia, alikuja na Kilatini. Akaona hati inataja "satrapae", cheo cha watawala wa mikoa ya Uajemi, kana kwamba Roma ya Konstantino ilikuwa nao. Akaona sarufi mbovu ambayo mwandishi wa enzi ile asingeiandika. Hati ya kughushi! Sasa ipitishe kwenye tafsiri: "satrapae" wanakuwa "maofisa", sarufi inanyooshwa, uongo unatoka umepigwa pasi. Ushahidi huo ulikuwa ndani ya makosa, na makosa ndiyo kitu cha kwanza tafsiri inachosafisha.

Nami nina aibu yangu. Nikiwa mwanafunzi nilikuta "je demande" kwenye barua ya Kifaransa, nikaisoma kwa Kiingereza cha shule: nadai. Nikaandika kurasa tatu juu ya hasira ya mtu yule. Msimamizi wangu akazungushia neno kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Anaomba." Kurasa tatu zikaenda na maji.

Ndiyo, najua, kompyuta isingekosea hapo. Hata mimi huitumia kujua nianze na faili lipi. Lakini nilipojifunza lugha sawasawa nikairudia barua ileile, nikagundua kwamba kwingine kote bwana yule huandika "je vous prie", yaani nakusihi, kwa unyenyekevu kabisa. Safari hii tu kabadilisha. Tafsiri inaandika "naomba" kotekote, na swali zima la utafiti linapotelea hapo.

Mwanafunzi wetu alipita. Marekebisho madogo: aongeze nadharia moja.