Mikono kwenye usukani haitoshi

Habari yenu kuhusu madereva na simu imeandikwa vizuri, ila pale mliposema dereva akiongea na simu kwa hedifoni yuko salama kwa kuwa mikono yote iko kwenye usukani, hapo sikubali kabisa. Mwezi uliopita nilipanda Hiace Urambo kuja Tabora mjini, nikapata siti ya mbele. Dereva ana hedifoni, anabishana na mtu kuhusu hela ya mpunga. Mikono yote miwili ipo kwenye usukani, macho mbele. Kulikuwa na baba mmoja wa baiskeli, kapakia magunia ya mkaa, anayumba. Mimi nilimwona kwa mbali. Dereva alikuwa anamtazama lakini hakumwona, mpaka nilipopiga kelele, "Kaka, baiskeli!" Akakwepa, saiti mira ikakwaruza gunia. Mpaka leo nausikia ule mkwaruzo.

Redelmeier na Tibshirani, watafiti wa Kanada, waliandika mwaka 1997 kwamba dereva anapoongea na simu hatari ya kugongana ni karibu mara 4 ya asipoongea, na simu zisizoshikwa mkononi hazikuonekana kuwa na nafuu. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde! Abiria wa pembeni akiona hatari hunyamaza au huonya. Aliye upande wa pili wa simu haioni barabara, yeye anaendelea kudai hela yake.

Ndugu zangu, tukitaka kujua basi limefika wapi, tumpigie konda. Dereva tumwache aendeshe.