Nani Analipia Kujitolea kwa Mweka Hazina?

Chama chetu cha maendeleo, vijijini upande wa Masafu hapa wilayani Busia, Uganda, kina wanachama 40, kitalu cha miche, sanduku la akiba lenye kufuli tatu, na ugomvi mmoja. Katika mpango wa miaka mitano tunaoujadili sasa, baadhi wamependekeza mweka hazina apewe shilingi 15,000 kila mwezi. Wengine, hasa waasisi, wanasema siku tutakapoanza kumlipa mmoja wetu, wengine wote watatua majembe.

Mjini nimewasikia watu wakiwacheka waliotoa pendekezo hilo. Eti ni kizazi cha bahasha, hawainui mguu bila nauli na soda. Naelewa dhihaka hiyo inatoka wapi. Nani hapa Uganda hajakaa kwenye semina ambapo karatasi ya kusaini posho ilizunguka kwa kasi kuliko mada yenyewe? Lakini dhihaka inawaangukia wasiohusika. Pendekezo halisemi kila anayekuja mkutanoni alipwe. Linamhusu mtu mmoja na daftari lake.

Jumamosi moja nilikaa naye barazani akifunga hesabu za mwezi. Ni daftari la shule, jalada limeshonwa kwa uzi. Risiti amezibana kwa kibanio cha nguo. Kila jina lina mstari wake: mchango, hisa, mkopo, faini ya kuchelewa. Waliotuma kwa simu anawaandika kwa wino mwekundu, kwa sababu hela ikitolewa kwa wakala kuna ada, na juu yake kuna ile kodi ya asilimia 0.5 iliyobaki tangu 2018, kwa hiyo anayetuma 2,000 haziingii sandukuni 2,000 kamili. Nani anafidia hizo shilingi chache? Nilimwuliza. Akacheka, akafungua ukurasa mwingine.

Tukahesabu siku zake. Siku ya mkutano haikuingia, maana hiyo ni yetu sote. Siku moja kwa mwezi huzunguka kukumbusha wadaiwa. Siku ya pili huenda mjini, benki na gombolola, ngazi ya serikali iliyo chini ya wilaya. Siku ya tatu huimaliza kwenye daftari, akikatizwa na watoto na wageni. Siku tatu kwa mwezi ni siku 36 kwa mwaka. Tukisema kibarua wa palizi alipwe 5,000 tu kwa siku, mweka hazina ameweka 180,000 za nguvu zake. Mchango wa mwanachama ni 2,000 kwa mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka, na yeye pia hutoa. Jumla ni 204,000. Mimi ninayejiona mwanachama mwaminifu natoa 24,000. Yeye anatoa mara nane na nusu ya hizo. Na hapo sijahesabu nauli ya boda. Tena siku hizo hazichagui msimu: Aprili, muhogo na mahindi yanapodai jembe, wadaiwa nao ndipo hujificha zaidi.

Sasa mtu huyu tunamwambia ajitolee kama sisi. Kama sisi nani?

Waasisi wana hoja, na nzito. Mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, barabara ya kwenda zahanati tuliilima wenyewe. Nani alitulipa?" Ni kweli, hakuna. Baganda wana bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kijiji isiyo na malipo, ng'ambo ya mpaka wana harambee, na sisi wa mpakani tumerithi zote mbili. Wazee wanaogopa pia kile walichokiona kwa macho yao: vikundi vilivyofungua ofisi, vikaajiri mratibu, vikanunua pikipiki, halafu mfadhili akaondoka. Mwaka 2025, Marekani ilipofunga shirika lake la misaada, USAID, waliozoea mshahara wa miradi hapa Uganda walijikuta nje bila taarifa ya kutosha. Chama kisicho na mishahara, wanasema wazee, hakina cha kufungwa.

Lakini barabara ile ililimwa baada ya mavuno, wote siku moja, kila mtu akimwona mwenzake akitokwa jasho, na ikaisha. Daftari haliishi. Linafanywa na mtu mmoja, ndani ya nyumba, na hakuna anayeliona mpaka siku litakapokosewa. Wazee wanapima kazi hii kwa kipimo cha ile. Serikali nayo imefanya vivyo hivyo: tangu 2001 wizara ya afya imewaegemea wajumbe wa afya wa vijiji, VHT, ambao kwa miaka mingi walipata fulana na shukrani.

Na kuna jambo ambalo hata waasisi hawalizungumzi. Pampu ya kisima ikiharibika, fundi akija tunamlipa jioni ileile. Hakuna aliyewahi kumhubiria fundi habari za moyo wa kujitolea. Yule mama aliyepita nyumba kwa nyumba wiki mbili kukusanya hela ya fundi ndiye anayeambiwa asante. Sitaki kulifanya hili suala la wanaume na wanawake, ila mafundi wetu wote ni wanaume na waweka hazina watatu wa mwisho wote ni wanawake, na mimi najua kuhesabu.

Wawili kati ya hao watatu walishaondoka. Mmoja anauza nguo mpakani, palepale yalipozaliwa maneno boda boda, na kwa siku moja njema anapata zaidi ya tunachopendekeza kwa mwezi. Hatukumlaumu. Tulichopoteza ni miezi sita ya kumfundisha mrithi wake, pamoja na mikopo miwili ambayo hadi leo hakuna anayeweza kuthibitisha kama ililipwa.

Wapo wanaodhani ugomvi huu umepitwa na wakati kwa kuwa kuna PDM, mpango wa serikali wa kupeleka mikopo vijijini. Tangu 2022 kila muluka, yaani eneo lililo chini ya gombolola, umeahidiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, mtu anakopeshwa milioni moja kwa riba ya asilimia 6. Chama cha nini tena? Gawanya: ni watu 100 kwa muluka mzima, na mkopaji lazima kwanza awe kwenye kikundi. Kikundi kinahitaji orodha safi na mtu anayejua nani ni nani. Tumerudi kwenye daftari.

Kuhusu kugeuka NGO kamili, sheria ya 2016 inatuacha salama tulipo: kikundi cha jamii kinachofanya kazi ndani ya gombolola. Vibali vya taifa na mikataba na wilaya tuwaachie wenye uwezo.

Mimi nitapiga kura ya ndiyo, na najua inapochoma. Michango yetu yote kwa mwezi ni 80,000, kwa hiyo 15,000 ni karibu sehemu moja ya tano. Miche itapungua msimu wa kwanza. Pia lazima iandikwe kwamba pesa hiyo itoke kwenye michango yetu tu, kamwe isitoke kwa mfadhili, na kwamba asiyefunga hesabu kabla ya mkutano hapati. Bila masharti hayo mawili, hofu ya wazee itakuwa sahihi na nitakuwa upande wao.

Mkutano mkuu ni Desemba, siku ya kugawana hisa. Mweka hazina hajasema anataka au hataki. Ameomba tu ajenda yake isiwekwe mwisho, kwa sababu ikifika saa kumi atakuwa ameshaondoka kwenda kuteka maji.