Msipake rangi juu ya tarehe

Muuza spea za pikipiki wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, akikwambia "hii ya zamani, Mjapani kabisa", usibishane naye. Omba kitambaa chenye petroli kidogo, futa grisi, kisha tafuta kiduara cha tarehe chenye ukubwa wa kifungo cha shati.

Viwanda vingi huacha kiduara hicho kwenye krankikesi (ganda la injini), kava la klachi au hab (kitovu cha gurudumu). Kimegawanywa visehemu 12, mwaka upo katikati, na kila mwezi ukifika kiwandani wanagonga kitone kimoja zaidi kwenye kalibu, yaani umbo linalomiminiwa chuma. Kwa hiyo ukikuta 07 katikati na vitone vitano, kifaa kilisubiwa, yaani kilimiminwa kwenye kalibu, Mei 2007. Kwenye plastiki mara nyingi utakuta mshale unaoelekea namba ya mwezi, umepita katikati ya tarakimu mbili za mwaka. Harley-Davidson, wale wa pikipiki za Kimarekani, walitumia herufi, A Januari mpaka L Desemba, ila hiyo ukiiona Mbeya nishtue na mimi nije kuitazama.

Tarehe haikuhakikishii kwamba spea ni orijino. Anayetengeneza feki naye ana kalibu yake na anajua kugonga vitone. Inachokwambia ni lini alumini ilimiminwa, basi. Na kwa kuwa kifaa husubiwa kwanza, kikachongwa, ndipo kikafungwa, ni kawaida kiwe na miezi kadhaa zaidi ya pikipiki yenyewe. Kinyume chake ndicho cha kukushtua: kadi ya pikipiki inasema 2012, krankikesi inasema 2016. Hapo kuna injini iliyobadilishwa, na namba yake uilinganishe na kadi kabla hujatoa hela.

Ndiyo maana rangi ya fedha inayopakwa juu ya kiduara inanikera. Mafundi wanajitetea kwamba mvua za Rungwe zinaifanya alumini iote unga mweupe, na hapo wana haki. Pakeni, lakini bandikeni selotepu juu ya kiduara kwanza. Kilichopigwa msasa palepale penye alama, kwingine kote kikiachwa na uchafu wake, sikichukui hata kwa nusu bei.

Tairi ndiyo rahisi kuliko vyote: tazama tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, ubavuni mwa tairi. 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya 2000. Hata kama kashata zake (meno yanayoshika barabara) bado ndefu, usishuke nalo Mlima Iwambi.