Kanda za Mapigo ya Moyo Zisiachiwe Saa Peke Yake

Asubuhi niliyotimiza miaka 47 nilitoka kukimbia kama ilivyo kawaida yangu, kutoka Oysterbay kupita Coco Beach hadi Daraja la Tanzanite na kurudi, na nilipofika nyumbani nikagundua kwamba saa janja yangu ilikuwa imeshusha kilele cha mapigo ya moyo wangu, yaani idadi kubwa kuliko zote ya mapigo ambayo moyo unaweza kufikia kwa dakika, kwa pigo moja, na kanda zote zikashuka nacho. Moyo wangu haukuwa umebadilika baina ya usiku wa kuamkia siku ile na alfajiri yake. Kilichobadilika ni tarakimu ya umri katika kumbukumbu ya saa, ambayo tangu nilipoinunua ilikuwa ikichukua 220, ikitoa miaka yangu, kisha ikiligawa jibu katika mafungu matano yenye rangi, kuanzia kijivu hadi nyekundu, na mafungu hayo ndiyo yanayoitwa kanda. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikipunguza mwendo, nikiongeza mwendo na wakati mwingine nikikatisha mazoezi kwa amri ya hesabu ambayo haikuwahi kuuliza chochote kuhusu moyo wangu.

Tangu siku ile nimeshikilia maoni ambayo baadhi ya wenzangu wa mbio huyaona ya ukali kupita kiasi: mtu yeyote anayetumia kanda za mapigo kuamua aende kasi gani anapaswa kuziweka upya kwa takwimu zake mwenyewe, na kama bado hajafanya hivyo ni heri azifiche kabisa na kusikiliza pumzi yake.

Kanuni ya 220 kutoa umri huhusishwa na makala ya mwaka 1971 ya Samuel Fox, John Naughton na William Haskell. Mwaka 2002 Robert Robergs na Roberto Landwehr walifuatilia chimbuko lake na kukuta kwamba haikutokana na utafiti uliofanywa kwa lengo la kuitafuta. Ilitokana na kutazama takwimu za tafiti chache zilizokuwapo wakati huo na kuchora mstari uliokaribiana nazo. Zimekuja nyingine zilizofanyiwa kazi zaidi. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake walikusanya tafiti 351 zenye washiriki 18,712 na kupendekeza 208 kutoa asilimia 70 ya umri, na mwaka 2010 Martha Gulati na wenzake, waliowafuatilia wanawake 5,437 wa eneo la Chicago, walipendekeza kwa wanawake 206 kutoa asilimia 88 ya umri. Nikijipima kwa kanuni hizo tatu napata 173, 175 na 165. Kilele changu halisi, nilichokiona mara mbili nikiwa nimevaa mkanda wa kifuani wa kupimia mapigo, nikipanda mbio barabara ya kutoka Moshi kuelekea Mweka, ni 184.

Sisemi kwamba wataalamu hao walikosea. Kila kanuni kati ya hizo inaeleza wastani wa kundi kubwa la watu, na kwa kundi hilo inafaa. Tatizo ni kwamba kuzunguka wastani huo watu wametawanyika sana, kiasi kwamba karibu mtu mmoja kati ya watatu huwa mbali na jibu la kanuni kwa mapigo 10 au zaidi, juu au chini, bila kuwa na ugonjwa wowote na bila kuwa mwanamichezo wa pekee. Fundi cherehani anayejua wastani wa viuno vya wateja wake bado hukupima kabla ya kukata kitambaa.

Nieleze jinsi tofauti hiyo inavyokuwa barabarani, kwa sababu hapa ndipo penye uzito wote wa jambo. Tuchukue mapigo 140 kwa dakika, ambayo kwangu ni mbio za polepole ninazoweza kuzikimbia kwa saa nzima huku nikimsimulia mwenzangu habari za jana. Saa ilipokuwa ikiamini kwamba kilele changu ni 173, ukanda wa nne, unaoanzia asilimia 80 ya kilele, ulianzia 138, kwa hiyo mapigo 140 yalikuwa kazi ngumu yenye rangi ya chungwa. Nilipoisahihisha kilele kikawa 184, bila kugusa kitu kingine, mapigo yaleyale yakahamia ukanda wa tatu, unaoanzia 129 hadi 147. Nilipobadilisha na msingi wa hesabu, nikaacha asilimia ya kilele na kutumia akiba ya mapigo, yaani tofauti kati ya kilele na mapigo ya mapumziko (mapumziko yangu ni 56), ukanda wa pili ukawa 133 hadi 146, na mapigo 140 yakakaa katikati yake. Moyo ni uleule, barabara ni ileile, jasho ni lilelile, na saa moja imetoa majibu matatu tofauti. Mtu akiniambia kwamba yeye hufanya mazoezi ya ukanda wa pili, siku hizi namuuliza kwanza: ukanda wa pili wa hesabu ipi?

Njia hiyo ya akiba si mpya hata kidogo. Ilitokana na kazi ya Martti Karvonen na wenzake wa Finland waliyoichapisha mwaka 1957, zamani kabla ya saa yoyote ya mkononi kuweza kuhesabu mapigo. Naipendelea kuliko asilimia tupu ya kilele kwa sababu inazingatia sakafu ya mtu pamoja na dari yake. Watu wawili wenye kilele cha 180, mmoja akiwa na mapigo ya mapumziko 50 na mwingine 75, hawana safari sawa ya kufika 140.

Mdogo wangu wa kike alikuwa karibu aache mazoezi kwa ajili ya rangi hizi. Ana miaka 39, alijiunga na kikundi cha jogingi cha mtaani kwao kinachokutana kila Jumamosi, na baada ya wiki tatu akanipigia simu akiwa na hofu ya kweli katika sauti yake. "Dada," akaniambia, "saa inaonyesha rangi ya chungwa kabla sijamaliza kilomita mbili. Labda mbio si zangu." Nilikwenda tukakimbia pamoja, na muda wote ule alikuwa akizungumza nami sentensi nzima nzima bila kukatika pumzi, mapigo yakiwa karibu 150. Kwa kilele cha 181 alichopewa na saa, hiyo ni asilimia 83, na ndiyo maana rangi iliwaka. Mwili wake ulikuwa ukisema kwamba kazi ni ya wastani na saa ikasema kwamba amezidisha, naye akaiamini saa. Linaniuma jambo hili, kwa sababu mwanamke aliyehangaika kupata saa moja ya mazoezi baina ya kazi na watoto hastahili kutishwa kwa makadirio yasiyomhusu.

Kosa linaweza pia kwenda upande wa pili, na huko ni la hatari zaidi. Kaka yetu ana miaka 54 na anatumia bisoprolol, dawa ya shinikizo la damu iliyo katika jamii ya dawa zinazopunguza kasi ya moyo. Kwa hesabu ya saa kilele chake ni 166, hivyo mapigo 105 humwekea rangi ya ukanda wa pili, rangi ya kazi nyepesi, ilhali kwa 105 yeye tayari anahema na hawezi kujibu swali kwa zaidi ya maneno mawili. Kwa mtu kama huyo hakuna kanuni ya umri inayofaa. Daktari wake alimwelekeza atumie hisia ya juhudi, na ushauri huo una mizizi ya kisayansi: Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, alitunga kipimo cha 6 hadi 20 ambacho mtu hukitumia kutaja uzito wa kazi anavyousikia mwenyewe, na tarakimu hizo alizichagua zilandane kwa ukaribu na mapigo ya 60 hadi 200 ya kijana mwenye afya. Kwa anayetumia dawa za namna hiyo, hisia ndiyo inayobaki kuwa kipimo cha kuaminika.

Kabla ya kurekebisha chochote, hakikisha kwamba takwimu unazorekebishia ni za moyo kweli. Saa ya mkononi haisikilizi moyo. Inamulika ngozi kwa mwanga wa kijani na kusoma jinsi mwanga huo unavyopungua na kuongezeka damu inapopita. Mkono ukitikisika au kamba ikilegea, saa huweza kushika mdundo wa hatua badala ya mdundo wa damu. Ilinitokea darajani: dakika ya nane ya mbio nyepesi, saa ikaandika 172, nami nilikuwa nikipiga hatua 172 kwa dakika. Kama ningeiachia ijisahihishe yenyewe kwa takwimu za namna hiyo, ingenitengenezea kanda za uongo kwa mara ya pili. Nimeulizwa mara nyingi kama ngozi nyeusi huipotosha taa ile. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walipima vifaa kadhaa kwa watu wenye ngozi za rangi mbalimbali, na hawakukuta tofauti ya kitakwimu iliyotokana na rangi. Walichokuta ni kwamba makosa huongezeka mtu anapokuwa katika mwendo, na kwamba vifaa vinazidiana kwa ubora. Kwa hiyo kaza kamba, ipandishe saa kidogo juu ya kifundo cha mkono, na kwa siku ya kujipima azima mkanda wa kifuani, ambao husoma umeme wa moyo wenyewe.

Mapigo ya mapumziko ni rahisi kuyapata: yahesabu alfajiri unapoamka, kabla ya kuinuka kitandani, kwa wiki nzima, kisha chukua wastani. Kilele ni shughuli nyingine. Kukifikia kunahitaji kujisukuma hadi mwisho wa uwezo, na sishauri mtu mwenye presha, mwenye maumivu ya kifua au aliyekaa muda mrefu bila mazoezi ajaribu bila kumwona daktari. Mimi sasa napendelea kizingiti cha laktati, yaani kiwango cha mapigo ambacho ukikivuka mwili huanza kuchoka kwa haraka. Kocha Joe Friel wa Marekani ndiye aliyekieneza kipimo chake: baada ya kupasha mwili moto vizuri, unakimbia peke yako dakika 30 kwa kasi kubwa kuliko zote unayoweza kuidumisha, na wastani wa mapigo ya dakika 20 za mwisho ndio makadirio ya kizingiti. Kwangu yalikuwa 164. Kwa mpango wake, ukanda wa pili wa mkimbiaji ni asilimia 85 hadi 89 ya kizingiti, nami nikapata 139 hadi 146. Mpaka wa juu uliangukia palepale ilipoangukia hesabu ya akiba, na ni palepale ambapo nikivuka kidogo maneno yangu huanza kukatika. Vipimo vitatu visivyotegemeana vilipokubaliana, ndipo nilipozipa kanda zangu imani yangu.

Kuziingiza ni kazi ya dakika chache. Garmin Connect, programu ya simu ya saa za Garmin, hukuruhusu kuchagua msingi wa hesabu, uwe kilele, akiba au kizingiti, na kuweka kanda za kukimbia mbali na za baiskeli, jambo lenye maana kwa sababu watu wengi hawafikii kilele kilekile katika michezo yote miwili. Apple Watch, tangu toleo la mfumo wake liitwalo watchOS 9 la mwaka 2022, hukokotoa kanda kwa njia ya akiba na kuzipitia upya tarehe mosi ya kila mwezi, lakini unaweza kuchagua kuziandika mwenyewe. Wakati ukiwa humo, usishughulishwe na jina la ukanda wa kuchoma mafuta. Ni kweli kwamba katika mwendo mwepesi sehemu kubwa zaidi ya nishati hutoka kwenye mafuta, lakini nishati yenyewe kwa jumla ni ndogo.

Yapo pia mambo ambayo hayarekebishwi katika mipangilio, na watu hukosea kwa kuyarekebisha. Joto la Dar es Salaam la Januari hadi Machi, likichangamana na unyevu wa bahari, hupandisha mapigo kadiri muda unavyokwenda ingawa kasi haijabadilika, kwa sababu damu hupelekwa kwenye ngozi kuupoza mwili na maji hupotea kwa jasho. Anayekimbia jioni kabla ya futari katika mwezi wa Ramadhani atayaona hayohayo kwa upungufu wa maji. Homa nayo huongeza takriban mapigo 8 hadi 10 kwa kila nyuzi moja ya joto la mwili, na hiyo ni sababu ya kubaki nyumbani. Katika hali kama hizo namba zinasema ukweli kuhusu mzigo ulio juu ya moyo siku hiyo, kwa hiyo kanda zibaki zilivyo, na mwendo ndio upunguzwe.

Kipimo cha dakika 30 nakirudia kila baada ya miezi minne, katika msimu wa ubaridi nikiweza, barabara ileile na mkanda uleule. Mara ya mwisho kizingiti kilisogea hadi 166, hivyo ukanda wangu wa pili sasa ni 141 hadi 148. Kilele nimekiacha 184 kama kilivyokuwa, na sehemu ya saa inayokibadilisha kila ninapoongeza mwaka nimeizima.