Kamera Iliyoinama Wakati wa Sala

Bosi alinunua stendi ya kamera Kariakoo kwa shilingi 60,000, na kilichomvutia ni boksi. Lilikuwa na picha ya jamaa mwenye ndevu amesimama kileleni mwa mlima, chini yake imeandikwa kilo 5. Kamera yetu na lenzi yake ndefu ya kuvuta, ya milimita 70–200, havizidi kilo 2.5.

"Tumebakiwa na kilo mbili na nusu za akiba," Bosi akasema.

Nikamwambia kilo za kwenye boksi ni za mzigo uliotulia katikati kabisa ya kichwa cha stendi, pale kamera inapokaa, tena zimeandikwa na mtu anayeuza. Akaniambia nibebe begi.

Harusi ilikuwa Kigamboni, bustanini, bahari inaonekana kwa mbali. Bustani ilikuwa na mteremko kidogo, na hapo stendi ikaanza kuonyesha tabia. Zile za bei ya chini zina vyuma vyembamba vinavyounganisha miguu na nguzo ya katikati, kwa hiyo miguu yote mitatu hufunguka kwa pembe moja, utake usitake. Stendi nzuri kila mguu unajitegemea. Kwenye mteremko unaelekeza miwili chini, mmoja juu, unamaliza. Sisi tulimalizia kwa kipande cha tofali.

Halafu kuna habari ya kola. Lenzi kubwa huja na pete yenye kiguu chini, na hicho kiguu ndicho kinachofungwa kwenye stendi ili uzito ukae karibu na katikati. Bosi aliivua pete hiyo siku nyingi, ati inaongeza uzito. Kwa hiyo pleti, kile kibao kinachoishikiza kamera kwenye kichwa, ikafungwa kwenye bodi ya kamera yenyewe, na lenzi ya kilo moja na nusu ikabaki mbele inaning'inia, inakivuta kichwa. Kichwa chenyewe plastiki tupu. Kati ya pleti na kamera kuna mpira laini, nao unajikandamiza taratibu. Hapo kamera haianguki kwa kishindo. Inashuka polepole, macho hayaioni.

Mchungaji akasema tusali. Watu wakainamisha vichwa. Kamera nayo ikainamisha chake.

Bosi alikuwa amefumba macho kwa unyenyekevu. Alipoyafumbua baada ya amina, kwenye kioo kulikuwa na nyasi. Akainua kamera, akakaza mkono wa kichwa mpaka ukalia kri. Kukaza namna hiyo hakusaidii kitu, maana plastiki inapinda unapoikaza, ukiachia inarudi, picha inashuka tena. Wazoefu wa vichwa dhaifu hulenga juu kidogo ya wanachokitaka, wakaachia picha ishuke yenyewe. Bosi akafanya hivyo. Akalenga juu ya kipara cha baba wa bwana harusi, picha ikashuka mpaka usoni, akatabasamu, akaenda kutafuta soda. Mimi nilikuwa mbele na kamera ya picha za mnato, sioni kinachoendelea huku nyuma.

Mzee alizungumza dakika ishirini. Kwenye video, anaanza kusalimia kwa uso. Akifika kwenye historia ya ukoo tuko kwenye tai. Habari za mahari zinaelezwa na kitambi. Wosia kwa bi harusi, ule uliowaliza akina mama, umetolewa na mkanda wa suruali. Na "karibu sana kwenye familia yetu, binti yangu" imesemwa na jozi ya viatu vyeusi vilivyong'arishwa vizuri sana.

Ukaja muda wa zawadi. Mashangazi wakasimama wote kwa pamoja, Bosi haoni kitu. Akapandisha nguzo ya katikati mpaka mwisho. Ukishafanya hivyo huna tena stendi ya miguu mitatu, una fimbo moja inayonesanesa juu ya miguu mitatu. Upepo wa bahari ukaanza kuichezea. Bosi akakumbuka kwamba stendi inatulizwa kwa kuning'iniza uzito chini ya nguzo, akaning'iniza begi la betri. Sawa, lakini begi linatakiwa liguse ardhi. Likiwa hewani linabembea, na linachokitikisa ni kamera yako.

Shangazi mmoja akapita anacheza, beseni kichwani, akaligonga begi kwa nyonga.

Loki ya mguu wa kushoto ikaachia. Loki za chuma zina skrubu ndogo, ukiona zimelegea unazikaza kwa alenki, ule ufunguo mdogo wa pembe sita, kazi ya dakika moja. Hizi zilikuwa zimefungwa kwa pini ya plastiki, hakuna pa kukaza. Kile kipande cha mwisho cha mguu kikazama ndani ya kingine, kamera ikaanza safari kuelekea kwenye sahani ya pilau ya mwenyekiti wa kamati. Nikairukia. Nikaushika ule mguu kwa mikono miwili, nimepiga magoti, na Bosi akaninong'oneza, "Usitoke hapo." Keki imekatwa nikiwa hapo. Kwenye video inapanda na kushuka kwa mpigo wa pumzi zangu, na palipochekesha mshereheshaji inaruka.

Familia walipoangalia, bibi wa bwana harusi akauliza mbona wanaonyeshwa viatu. Bosi akasema ndiyo mtindo wa sasa. Baba wa bwana harusi akakata theluthi ya malipo, akasema na huo ndio mtindo wa sasa.

Ndipo Bosi akakubali niende naye kwa muuza mitumba ya vifaa vya picha. Bajeti haikuwa kubwa, kwa hiyo tukaigawa: miguu ya aluminiamu iliyotumika, kichwa kipya. Miguu haizeeki haraka, na kichwa kikifungwa kwa boliti ya 3/8 ya inchi unaweza kukibadilisha siku yoyote. Ile ya boksi, kichwa na miguu vilikuwa vimezaliwa pamoja na vitazikwa pamoja.

Nikachagua ya vipande vitatu kila mguu, si vitano. Vipande vikizidi, cha mwisho kinakuwa chembamba mno. Tyubu ya juu milimita 28. Nikaifungua yote bila kugusa nguzo, ikanifika kidevuni. Nikaweka viganja juu nikaegemea kwa uzito wangu, loki hazikuteleza. Nikakamata juu nikainyonga kulia na kushoto.

"Kijana," muuzaji akasema, "unanunua au unapiga mieleka?"

Kichwa tukachukua cha video, chenye grisi nzito ndani na pleti ndefu inayosogea mbele na nyuma. Unaisogeza kamera mpaka ikae yenyewe bila kufunga loki, ndiyo unajua uzito umelingana. Hapo kola ikarudishwa kwenye lenzi. Nikavuta picha ya kibao cha duka la ng'ambo ya barabara, nikakuza kwenye kioo mara kumi, nikaachia mikono. Kibao kikabaki palepale. Nikaugonga mguu kwa kidole, mtikisiko ukaisha kabla sijamaliza kusema "moja". Muuzaji akaona tunaipenda, akapandisha bei.

Harusi iliyofuata ilikuwa Tabata. Mzee mwingine, hotuba nyingine. Bosi akalenga, akaachia mikono, picha haikushuka hata unywele mmoja. Akakunja mikono kifuani, akaniita niangalie, akamwita na mpiga muziki aangalie. Mzee kwa wakati huo alishahamia upande wa kushoto na maikrofoni yake, anawafuata wakwe. Tuna dakika tisa za jukwaa tupu, limetulia kabisa.